Anayemfunda Mhudumu wa Wazee

Watu wengi wanaoingia katika kazi ya kuwahudumia wazee huingia wakiwa na maandalizi mafupi kuliko ambavyo familia za wazee hao zingeamini. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 inataka mhudumu msaidizi wa makao ya wazee apate mafunzo yasiyopungua saa 75, ambamo saa 16 ziwe za vitendo chini ya usimamizi. Yapo majimbo yaliyoongeza kiwango hicho, na yapo yaliyokiacha kama kilivyo. Saa 75 hazifiki wiki mbili za kazi. Kwingineko hakuna hata sharti la namna hiyo: mtu huajiriwa Ijumaa, na Jumatatu hukabidhiwa orodha ya vyumba na jozi ya glavu.

Siyadharau mafunzo ya darasani, kwa kuwa mtu asiyejua kunawa mikono ipasavyo au kumwinua mzee bila kumvunja bega hapaswi kabisa kuingia chumbani. Hata hivyo, baada ya kuishi na kazi hii kwa muda mrefu, nimefikia imani kwamba sehemu kubwa ya ujuzi wa mhudumu mzuri haimo katika kitabu chochote cha mafunzo, na kwamba njia pekee ya kuipitisha ni mtu mwenye ujuzi huo kusimama karibu na asiyekuwa nao, kwa muda wa kutosha, mbele ya mzee halisi. Mtu huyo nitamwita mwelekezi. Si msimamizi wa zamu, ambaye ana wajibu wa kuhakikisha kazi imekamilika, wala si mkufunzi anayekuja mara moja kwa mwaka na kuondoka. Ni mfanyakazi mwenzake mzoefu ambaye amekabidhiwa mgeni wa kazi, na ambaye mgeni huyo anaweza kumuuliza jambo lolote bila kuogopa kuonekana mjinga. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tatizo la kazi yetu ni kwamba ulimwengu unaomfunza mhudumu aliyekosa wa kumfunda ni mwili wa mzee.

Tuanze na vidonda vya mgandamizo, vile vinavyotokea pale mtu asiyeweza kujigeuza anapolalia sehemu moja kwa muda mrefu. Darasani mhudumu hufundishwa kumgeuza mzee kila baada ya saa mbili, kanuni ya siku nyingi, na huenda akafundishwa pia kutumia kipimo cha Braden, ambacho tangu miaka ya 1980 kimewasaidia wauguzi kukadiria hatari kwa kuangalia mambo sita, yakiwemo unyevu wa ngozi, lishe na uwezo wa mtu kujisogeza. Mgeni wa kazi anaweza kuijaza fomu hiyo bila kosa hata moja na bado asikione kidonda kinachoanza. Mwelekezi ndiye anayemwonyesha kwamba wakati wa kuvalisha soksi ndio wakati wa kukagua visigino, kwamba nyuma ya sikio, pale unapopita mpira wa oksijeni, kunasahaulika, na kwamba kwenye ngozi nyeusi ule wekundu uliotajwa kitabuni huenda usionekane kabisa, hivyo ni lazima kutumia mgongo wa vidole kupapasa joto, ugumu au ulaini usio wa kawaida na kulinganisha na ngozi ya jirani. Jambo hili haliwezi kuelezwa kwa mdomo pekee. Mkono wa mgeni unapaswa kupapasa pale pale ulipopapasa mkono wa mzoefu, wakati ule ule, ndipo atakapoelewa kinachozungumzwa.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, kwa kuwa hauna fomu. Mzee ambaye jana alikuwa akizungumza vizuri leo amekaa kimya, anasinzia katikati ya chakula, kijiko kinamponyoka. Mgeni wa kazi, hasa kama zamu imekuwa na purukushani, hufurahi kimoyomoyo na kuandika kwamba mzee ametulia. Mwelekezi huuliza swali moja tu: ametulia, au amebadilika? Kuchanganyikiwa kwa ghafla kunaweza kuletwa na maambukizi, upungufu wa maji mwilini, choo kigumu, maumivu au dawa mpya, na kwa wazee maambukizi yanaweza kuja bila homa ya kuonekana. Aina yake ya kelele, ambapo mtu anapiga mayowe na kung'oa mipira, hutambuliwa na kila mtu. Aina ya kimya ndiyo inayopita bila kuonekana, na kuchelewa kuitambua kunaweza kugharimu maisha. Kuitambua kunahitaji kumjua mzee huyu alivyo siku zake za kawaida, na mgeni wa kazi bado hamjui. Katika wiki za mwanzo ana kumbukumbu moja tu ya kutegemea, nayo ni ile ya mwelekezi wake.

Mwaka 1984 Patricia Benner, mtafiti wa uuguzi wa Marekani, alieleza hatua tano anazopitia muuguzi kutoka ugeni hadi ubingwa. Mgeni hutegemea kanuni kwa sababu hana kingine cha kushika. Bingwa huiona hali nzima kwa pamoja na kuchukua hatua kabla hata hajajieleza kwa nini. Maelezo haya yana matokeo ambayo waajiri wengi hawayazingatii: mhudumu bora anaweza kuwa mwelekezi asiyefaa, si kwa sababu ya roho mbaya, bali kwa sababu ameshasahau hatua alizopitia, na kila anachofanya kinaonekana kwake kuwa dhahiri. Mgeni anayemfuata nyuma siku nzima huona mikono inayokwenda haraka, asione fikra zinazoiongoza. Kwa hiyo stadi ya kwanza ya mwelekezi ni kutenda huku akisema: nimesimama hapa mlangoni kwanza ili anione kabla sijamgusa, nimemkalisha ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja kwa sababu presha yake hushuka anaposimama ghafla na anaweza kuanguka, nimenyamaza sasa kwa sababu anatafuta neno na nikimsaidia upesi ataacha kulitafuta. Kusema hivi kunachosha, na mwanzoni kunaonekana kama mchezo wa kuigiza. Sijui namna nyingine inayofanya kazi.

Hapo ndipo panapoingia tahadhari ambayo ningependa ipewe uzito zaidi kuliko inavyopewa. Watu wawili wakisimama juu ya kitanda cha mtu mmoja aliyevuliwa nguo, mmoja akimweleza mwenzake, ni rahisi sana yule aliye kitandani akageuka kuwa kielelezo cha somo. Tom Kitwood, mwanasaikolojia wa Uingereza aliyeandika katika miaka ya 1990 kuhusu utunzaji wa watu wenye demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, aliorodhesha mambo yanayomvunjia mtu utu wake katika mazingira ya huduma: kumzungumzia kana kwamba hayupo, kumtendea kama mtoto mdogo, kumwendea kwa kasi asiyoweza kuifuata, kumpuuza anapoeleza anavyojisikia. Alisisitiza kwamba mambo haya kwa kawaida hufanywa na watu wenye nia njema. Ni kinyume kikubwa, basi, kwa mwelekezi kufundisha heshima kwa njia inayoivunja. Mzee aombwe ruhusa kabla mgeni hajaingia, aambiwe jina la mgeni huyo, na maelezo yaelekezwe kwake yeye kwanza: "Bibi, namwonyesha mwenzangu jinsi unavyopenda tuanze na miguu." Maelezo mengine yasubiri hadi watu watoke chumbani. Mzee mwenyewe, akishirikishwa hivi, mara nyingi huwa mwalimu wa pili, naye huwa na maoni makali kuhusu nani anajua kufunga vifungo na nani hajui.

Kuoga ndiko kunakoonyesha haya yote kwa pamoja. Mtu mwenye demensia anayekataa kuogeshwa huandikwa katika daftari kuwa mkorofi, na mgeni wa kazi anayesoma daftari hilo huingia chumbani akiwa tayari kwa vita. Mwelekezi mzuri haanzi na mbinu. Anaanza na swali la mtu huyu anaogopa nini: baridi, maji usoni, kuvuliwa na mtu asiyemfahamu, kelele za bomba, au kuanguka kwenye sakafu inayoteleza. Kisha humwonyesha mgeni namna ya kupasha chumba joto mapema, kumfunika mzee taulo na kuosha sehemu moja moja, kuacha uso na kichwa mwisho, kumpa kitambaa ashike na ajioshe anapoweza. Na humwonyesha jambo ambalo mgeni asingethubutu kulifanya peke yake, yaani kuacha, kutoka, na kurudi baada ya nusu saa. Mgeni anadhani kuacha ni kushindwa kazi, tena msimamizi ataona kisanduku hakikutiwa alama. Anahitaji mtu mwenye heshima kazini amwambie kwamba kuacha kwa wakati wake ni sehemu ya kazi yenyewe, na amtetee atakapoulizwa.

Nimetaja msimamizi na visanduku vyake makusudi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Isabel Menzies alichunguza wauguzi wa hospitali moja ya kufundishia mjini London, akachapisha uchunguzi wake mwaka 1960. Aliona kwamba kazi ilikuwa imekatwakatwa katika majukumu madogo kiasi kwamba muuguzi hakumkaribia mgonjwa yeyote kwa muda wa kutosha kuumia naye, na wagonjwa walitajwa kwa ugonjwa au kwa namba ya kitanda. Kwa maelezo yake, utaratibu huo ulikuwa ngao dhidi ya wasiwasi mkubwa unaotokana na kukaa karibu na maumivu na kifo, lakini ngao hiyo haikuwalinda: karibu theluthi moja ya wanafunzi wa uuguzi waliondoka kabla ya kumaliza. Yeyote aliyefanya kazi katika makao ya wazee ataitambua lugha hiyo. Kuna "wa kulishwa", "wa kugeuzwa", kuna "namba nane". Mgeni wa kazi hujifunza lugha hii haraka kuliko jambo lingine lolote, kwa sababu humfanya aonekane mwenyeji, na pamoja nayo hujifunza kutohisi.

Umbali kati ya kutohisi na kudhuru ni mfupi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba katika makao na taasisi za huduma, wafanyakazi wawili kati ya watatu walikiri kuwa wamewatendea wazee vibaya kwa namna fulani katika mwaka uliotangulia. Takwimu hiyo inahusisha kukaripia, kutisha na kupuuza, si kupiga peke yake, na ndiyo maana naiona ya kweli. Karibu hakuna aliyeanza kazi akiwa na nia ya kumkaripia mzee. Alianza kwa kuharakisha, akaharakisha tena, akajibiwa kwa kucharuka, akapandisha sauti, hakuna aliyemwambia kitu, na sauti ile ikabaki kuwa sauti yake ya kazi. Mwelekezi yupo ili mtu aweze kusema "leo nimemfokea" siku ile ile alipofoka, kabla haijawa desturi, na apate mtu wa kukaa naye kuangalia kilichotokea dakika kumi kabla. Hili haliwezi kufanyika mbele ya mtu anayeandika ripoti yako ya majaribio.

Ndiyo sababu nashikilia kwamba mwelekezi asiwe mtathmini. Chombo kinachosimamia wauguzi nchini Uingereza kilitenganisha kazi hizi mbili katika viwango vyake vya mwaka 2018: hapo awali mtu mmoja alimwongoza mwanafunzi na pia kuamua kama amefaulu, lakini sasa anayemsimamia katika kazi ya kila siku na anayempima ni watu tofauti. Viwango hivyo ni vya wanafunzi wa uuguzi, wala havikuandikwa kwa ajili ya wahudumu wa wazee, ila sioni kwa nini busara yake isifuate hadi huku. Kuna mpaka, bila shaka. Mwelekezi akiona mzee anadhuriwa, hana siri ya kumtunzia mtu, na mgeni aambiwe hivyo siku ya kwanza.

Huzuni niiguse kwa ufupi, ingawa inastahili maandishi yake yenyewe. Mhudumu humwogesha mtu kila asubuhi kwa mwaka mzima, anajua kovu lake limetokana na nini, kisha anafika kazini siku moja na kukuta shuka mpya na jina jingine mlangoni. Familia hupewa pole. Yeye hupewa orodha. Mwelekezi anayesimama naye kidogo na kusema "ulimtunza vizuri" anafanya kazi ambayo hakuna idara iliyopangiwa kuifanya.

Waajiri hupenda kusikia kwamba haya yote yatapunguza idadi ya wanaoacha kazi. Uchunguzi wa makao ya wazee nchini Marekani uliochapishwa mwaka 2021, kwa takwimu za mwaka 2017 na 2018, ulikuta kwamba wastani wa mabadiliko ya wafanyakazi wa uuguzi kwa mwaka ulikuwa asilimia 128, na kwamba katika nusu ya makao hayo kiwango kilizidi asilimia 94. Asilimia inavuka 100 kwa sababu nafasi ile ile inaweza kujazwa na kuachwa zaidi ya mara moja katika mwaka mmoja. Sitawaahidi waajiri chochote hapa. Mwelekezi hatibu mshahara duni, wala hawezi kuziba pengo la zamu yenye watu pungufu, na nimechoka kuona maneno mazuri kuhusu kuleana kazini yakitumika kama mbadala wa nyongeza ya mshahara. Ninachoweza kusema ni kwamba mhudumu anayeondoka huondoka na ujuzi wa watu halisi: nani hunywa maji ukimpa kikombe chenye mkono, nani hulia jioni na kwa nini. Pasipo mwelekezi, ujuzi huo haukuwahi kuingia kwa mtu mwingine kabla ya mwenyewe kuondoka.

Nani basi achaguliwe? Si lazima awe mwenye miaka mingi kuliko wote, wala aliye mwepesi kuliko wote, kwani wepesi mara nyingi umenunuliwa kwa kuruka mambo ambayo mgeni anapaswa kuyaona. Ningetazama ni nani ambaye wenzake humwendea kwa hiari wanapokwama. Ningeangalia pia kama anaweza kusema "sijui, tumuulize muuguzi" mbele ya mgeni. Na apatikane wa zamu ya usiku. Mipango mingi huandaliwa na watu wa mchana kwa ajili ya watu wa mchana, ilhali usiku ndipo wafanyakazi huwa wachache, wazee wenye demensia huamka na kutangatanga, na mgeni hubaki peke yake na maamuzi. Anayehudumia wazee majumbani mwao ana upweke mkubwa zaidi, kwa kuwa hana hata mwenzake wa kumwita kutoka chumba cha pili. Kwake yeye zinahitajika ziara za pamoja mwanzoni na baadaye namba ya simu ambayo kweli inapokelewa.

Pingamizi ninalolisikia mara kwa mara ni kwamba mzoefu hurithisha pia mabaya yake, na pingamizi hilo ni la haki. Kumwinua mzee kwa kumshika kwapani kumekatazwa katika mafunzo tangu siku nyingi, kwa kuwa humuumiza mzee bega na mhudumu mgongo, na bado tabia hiyo husafiri kutoka kwa mhudumu hadi kwa mhudumu. Dawa yake ni kumruhusu mgeni aulize "kwa nini" kama jambo la kawaida, na kumpa nafasi ya kufanya zamu kadhaa na mwelekezi mwingine ili apate kulinganisha. Swali hilo humfaa hata anayeulizwa. Mtu aliyelazimika kueleza kwa nini wazee wote wa upande fulani huamshwa kabla ya mapambazuko anaweza kugundua kwamba sababu pekee ni urahisi wa zamu ya usiku, na hapo huwa ameshapata jambo la kupeleka kwenye kikao.

Yote haya husimama au kuanguka kwa muda. Mahali wanapodai kuwa na utaratibu wa waelekezi, mimi huomba kuona ratiba ya zamu. Kama mwelekezi amepangiwa wazee idadi ile ile aliyokuwa nayo kabla, na mgeni amehesabiwa kuwa mfanyakazi kamili tangu siku yake ya kwanza, basi utaratibu huo uko kwenye karatasi tu. Kama mwelekezi amepunguziwa wazee wawili au watatu, analipwa kitu kwa jukumu hilo, na wawili hao wamepangwa zamu zinazolingana kwa angalau miezi ya mwanzo, hapo mimi huendelea kuuliza maswali mengine, kuanzia lile la nani alimwomba mzee ruhusa.